Mto, Msitu na Nyumba Moja: Habari za Wadayak wa Borneo

Ukichukua ramani ukafuata mstari wa ikweta, ule upitao Uganda na Kenya, na kuvuka nao Bahari ya Hindi kwenda mashariki, utapita kisiwa cha Sumatra, kisha utafika kisiwa kikubwa kiitwacho Borneo. Duniani visiwa vikubwa kuliko hicho ni viwili tu, Greenland na New Guinea. Kimegawanyika baina ya dola tatu, yaani Indonesia, Malaysia na Brunei. Wenyeji wake wa bara ni makabila mengi yenye lugha mbalimbali, nao huitwa kwa jina moja Wadayak. Wala si wageni kabisa kwa upande wetu wa bahari, maana lugha ya watu wa Bukini ina asili moja na lugha za Wadayak wa mto Barito, kusini ya kisiwa hicho.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za kijiji kimoja cha Wadayak wa kabila la Iban kiitwacho Sungai Utik, maana yake Mto Utik, katika upande wa Indonesia. Watu wa huko hufyeka na kuchoma sehemu ya msitu kila mwaka ili wapande mpunga. Hata hivyo msitu wao umesimama, hali mahali pengi kisiwani miti imekwisha. Mtu aweza kuuliza, yawezekanaje wafyekao wawe ndio waliohifadhi? Jibu la swali hilo ndilo tutakalolieleza.

NJIA YA MTO

Mto mkubwa wa nchi ile ni Kapuas, wenye urefu wa maili 700 na zaidi. Hakuna kisiwa kingine duniani chenye mto mrefu kama huo. Huingia baharini karibu na mji wa Pontianak, uliojengwa juu ya mstari wa ikweta wenyewe. Mbali sana juu ya mto uko mji mdogo wa Putussibau, na katika milima na mabonde ya upande huo ndiko viliko vijiji vya Waiban. Mvua hunyesha karibu miezi yote, na kwa mwaka mmoja hupita inchi 120.

Zamani hapakuwa na njia ila mto. Watu walisafiri kwa mitumbwi, wakipiga makafi penye kina na kusukuma kwa pondo penye mawe. Siku hizi wengi wametia mashine. Mto ukijaa waweza kupanda sana kwa usiku mmoja, na ukipungua chombo hukwama juu ya mawe, abiria wakashuka kukivuta. Tena mto si njia tu. Ndio kisima chao, ndio mahali pa kuoga na kufua, na ndimo wapatamo samaki. Kwa hiyo kila mtoto ajua kwamba miti ya mlimani ikikatwa, maji ya kunywa yatakuwa tope. Sasa iko barabara pia, itokayo Putussibau kuelekea mpaka wa Malaysia, nayo imeleta wageni na bidhaa karibu zaidi.

NYUMBA YA WOTE

Kijiji cha Sungai Utik ni nyumba moja. Urefu wake ni kama futi 700, imesimama juu ya nguzo za mti mgumu, na ndani mna vyumba 28 vilivyofuatana chini ya paa moja. Kila chumba, kiitwacho bilik, ni mali ya jamaa mmoja pamoja na watoto wao. Mbele ya vyumba, kutoka mwanzo wa nyumba mpaka mwisho, upo ukumbi mrefu usio na ukuta wa kuugawa, uitwao ruai. Huo ndio baraza yao. Hapo hukaa wazee, hapo husukwa mikeka na nyavu, hapo hupokewa wageni na kukatwa mashauri. Nje ya ukumbi uko uchaga wa kuanikia mpunga juani, na darini huwekwa mpunga uliokauka.

Msomaji asidhani kwamba kwa kuwa wakaa chini ya paa moja, mali yao yote ni shirika. Kila jamaa wana shamba lao, ghala yao na jiko lao. Lakini kazi kubwa hufanywa kwa ujima, leo kwako, kesho kwangu. Na wana wakioa au kuolewa, mmoja hubaki katika bilik ya wazazi ili airithi. Aweza kuwa wa kiume au wa kike, yote ni sawa kwao.

SHAMBA LINALOHAMA

Watu wengi hudhani kwamba ardhi yenye miti mirefu ni lazima iwe na rutuba nyingi. Katika msitu wa Borneo mara nyingi sivyo. Mvua imeosha udongo kwa maelfu ya miaka, na chakula cha mimea kimo zaidi ndani ya miti yenyewe na katika tabaka nyembamba ya majani yanayooza chini yake. Ndiyo sababu Waiban hutumia moto. Hufyeka wakati wa mvua kidogo, katikati ya mwaka, wakangojea miti ikauke, kisha wakachoma. Jivu hulisha mpunga.

Siku ya kupanda, wanaume hutangulia kwa safu, kila mmoja na mti uliochongwa ncha, wakitoboa mashimo. Wanawake hufuata wakitia punje. Pamoja na mpunga hupandwa matango, mahindi na mihogo. Wakati wa mavuno, desturi ya wazee ni kukata suke moja moja kwa kisu kidogo kinachofichika ndani ya kitanga cha mkono, kwa kuwa huamini kwamba mpunga una roho, nayo haipendi kustushwa. Wengi wao sasa ni Wakristo, lakini heshima hiyo ya mpunga haikutoka. Baada ya mavuno huja sikukuu kubwa iitwayo Gawai, na waliosafiri hurudi nyumbani.

Jivu hilo halidumu. Baada ya mwaka mmoja au miwili magugu hushinda mpunga, na shamba huachwa lipumzike miaka mingi mpaka miti iote tena. Shamba lililopumzishwa huitwa temuda, na haki yake ni ya jamaa wa yule aliyelifyeka kwanza. Miaka ya kupumzika ndiyo roho ya kilimo hicho. Ikiwa mirefu, msitu hurudi na ardhi hupata nguvu. Ikifupishwa, kwa sababu watu wamezidi au ardhi yao imechukuliwa, miti hairudi, na mahali pake huota majani makali yasiyofaa kitu.

Hapo ndipo penye jambo ambalo mgeni hulikosea. Akipita katika temuda, huona pori tupu lisilo na mwenyewe. Kumbe ni akiba ya mtu, kama vile ghala iliyofungwa. Atakayelichukua pori hilo atakuwa amechukua chakula cha miaka ijayo.

SHERIA YA MSITU

Watu wa Sungai Utik wamegawanya msitu wao sehemu tatu. Ya kwanza, kampong taroh, ni mwitu wa chemchemi na vyanzo vya mito. Humo hakuna ruhusa ya kulima wala kukata miti. Ya pili, kampong galao, ni ya akiba. Watu huchuma dawa na kuokota kuni humo kwa kiasi. Ya tatu, kampong endor kerja, ni ya kazi, na mti wa kujengea hukatwa humo kwa kipimo. Avunjaye sheria huitwa mbele ya wazee katika ruai na kutozwa faini.

HATI YA SERIKALI

Sheria hiyo ilijulikana kijijini, lakini haikuandikwa katika vitabu vya serikali. Mwaka 1967 Indonesia ilitoa sheria iliyoiweka misitu chini ya mamlaka ya serikali, na tangu hapo makampuni mengi yalipewa haki ya kukata miti katika Borneo. Baadaye yakafuata mashamba makubwa ya michikichi. Vijiji vingi vilipokea fedha, kisha vikaona mito imechafuka na mahali pa kulima hapatoshi.

Sungai Utik walikataa. Kiongozi wao, Bandi, anayejulikana zaidi kwa jina la Apai Janggut, yaani Baba Ndevu, aliwaongoza kwa miaka mingi kuwarudisha wakata miti na kutoipokea fedha yao. Tarehe 16 Mei 2013 Mahakama ya Katiba ya Indonesia ilihukumu kwamba misitu ya wenyeji kwa desturi si misitu ya serikali. Mwaka 2019 kijiji kilipewa tuzo ya Umoja wa Mataifa iitwayo Equator Prize. Mwaka 2020 serikali iliwapa hati ya kukubali kwamba msitu wao, wenye eka zaidi ya 23,000, ni wao. Na mwaka 2023 Apai Janggut alipewa tuzo ya Gulbenkian nchini Ureno, akishirikiana na mwanamke Mwafrika, Cécile Bibiane Ndjebet wa Kamerun, na mwanamke wa Brazili, Lélia Wanick Salgado, ambao nao wamefanya kazi kubwa ya misitu.

Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wenzetu hao walikuwa na mali, wakakaa miaka mingi bila daftari. Na wengi wa vijiji vya jirani hata leo hawajalipata. Lakini hati peke yake haitoshi. Mipaka ya kampong taroh haina ukuta wala seng'enge. Huwa katika vichwa vya watu wanaoijua. Vijana wa Iban tangu zamani wana desturi ya kusafiri kutafuta kazi na maarifa, na siku hizi shule na barabara zawachukua mbali zaidi. Wakirudi bila kujua mto upi waanzia wapi, na temuda ipi ni ya nani, hati itabaki sandukuni na msitu hautakuwa na mlinzi.

Basi jibu la swali letu ni hili. Msitu wa Sungai Utik haukusalimika kwa kuwa watu hawaugusi. Ulisalimika kwa kuwa wanaougusa wana sheria, wajua mahali pa kukata na mahali pa kuacha, na huipa ardhi miaka yake ya kupumzika. Kila mkulima anayeliacha konde lake lipumzike ataelewa maana ya jambo hilo, na ataona pia kwa nini yampasa kuwaonyesha watoto wake mpaka wa konde lile kwa miguu, mapema, wangali wadogo.