RWANDA: GHALA LIMEJAA, MTOTO AMEDUMAA

Katika nchi jirani ya Rwanda, Jimbo la Kaskazini ndilo ghala la viazi. Chini ya milima ya Virunga udongo ni wa volkano, mvua ni ya kutosha, na malori hupakia viazi mviringo kuvipeleka Kigali. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa taifa hilo wa mwaka 2019–20 ulionyesha kwamba katika jimbo hilo watoto 41 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Kigali, mji unaongoja malori hayo, walikuwa 21.

Ndugu wasikilizaji, wengi hudhani kwamba mtoto hudumaa kwa sababu ghala ni tupu. Umaskini umo, lakini si peke yake. Kudumaa ni kuwa mfupi kupita kiasi kwa umri, kutokana na lishe duni na maradhi ya mara kwa mara, tangu mimba hadi mtoto atimizapo miaka miwili; ndizo siku 1,000 hivi. Kinachopotea hapo si kimo tu, bali pia ukuaji wa ubongo, na sehemu kubwa yake hairudi. Afisa anayempima kuruta kimo siku ya kuandikishwa anapima pia, kwa kiasi fulani, chakula cha miaka ishirini iliyopita.

Akina mama wa Rwanda hawana lawama katika kunyonyesha: kwa mujibu wa uchunguzi huohuo, watoto wanane katika kumi walio chini ya miezi sita hupewa maziwa ya mama peke yake. Shida huanza mwezi wa saba. Maziwa hayo hayatoshi tena, na mtoto hupewa viazi, au uji mwepesi ambao hulijaza tumbo lake dogo maji matupu, huku mayai ya nyumbani yakipelekwa sokoni. Akinywa maji machafu akaharisha, hata hicho kidogo hakimfai.

Serikali ya Rwanda ilianzisha kampeni ya siku hizo 1,000 mwaka 2013, lakini kazi yenyewe hufanyika katika Igikoni cy'Umudugudu, yaani jiko la kijiji. Wazazi huleta walichonacho: mboga, maharage, dagaa, yai. Mhudumu wa afya, aliyechaguliwa na wanakijiji wenyewe, huwaonyesha namna ya kuponda na kuchanganya, na watoto hula palepale. Kwa maoni yetu hilo lashinda hotuba kumi. Udumavu nchini humo ulikuwa asilimia 44 mwaka 2010, na ukashuka hadi 33 mwaka 2019–20. Si haba, ingawa mtoto mmoja katika watatu ni wengi mno, na mafunzo hayamfai mama asiye na yai wala maziwa. Ndiyo sababu mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006, huzipa familia maskini ng'ombe.

Nasi tusiwacheke majirani. Iringa, mkoa wa mahindi, ilikuwa na udumavu wa asilimia 57 hivi mwaka 2022.

Askari ana mshahara wa kila mwezi, lakini mara nyingi yuko lindoni siku ya kliniki, na mambo ya uji huyaacha kwa mkewe. Huko Rwanda akina baba nao huitwa kwenye jiko la kijiji, kwa kuwa mara nyingi wao ndio waamuao kama yai litauzwa au litaliwa.