Kiwango, Eneo na Mchanganyiko: Usalama wa Asidi ya Salisiliki katika Vipodozi Mpakani Rusizi

1. Utangulizi

Mji wa Kamembe, wilayani Rusizi, unatazamana na Bukavu ng'ambo ya mto. Vipodozi huvuka mpaka huo kila siku, vingine kwa njia halali na vingine kwa magendo. Tangu Rais Paul Kagame alipokemea mkorogo hadharani mnamo Novemba 2018, msako wa krimu zenye haidrokwinoni na zebaki umeongezeka nchini Rwanda. Makala haya yanajadili kemikali isiyokatazwa ambayo usalama wake hutegemea namna inavyotumiwa: asidi ya salisiliki.

2. Utendaji wake

Asidi hii hulegeza seli mfu za tabaka la nje la ngozi na kuzibua vinyweleo. Kwa sababu hiyo hutibu chunusi na sugu. Marhamu ya Whitfield, inayotumika kutibu fangasi, ina 3% ya asidi hii pamoja na 6% ya asidi ya benzoiki. Kuipiga marufuku, basi, kungewanyima wagonjwa dawa nafuu.

3. Chimbuko la hatari

Jambo la kwanza ni kiwango, na la pili ni eneo linalopakwa. Umoja wa Ulaya unaruhusu hadi 3% katika bidhaa za nywele zinazosuuzwa na 2% katika bidhaa nyingi za uso, lakini 0.5% tu katika losheni ya mwili. Tofauti hiyo ina mantiki: anayejipaka mwili mzima hufyonza kemikali nyingi zaidi kuliko anayetibu chunusi chache. Ikizidi katika damu, husababisha mlio masikioni, kichefuchefu na kupumua kwa kasi. Watoto wadogo wamo hatarini zaidi.

La tatu ni mchanganyiko. Kinga ya ngozi ikipungua, kemikali nyingine hupenya kwa urahisi. Daktari hutumia sifa hiyo kwa kipimo anapoichanganya na steroidi kutibu ngozi iliyokuwa nene. Mchanganyaji wa mkorogo hana kipimo: anaifungulia mlango steroidi au haidrokwinoni iliyomo kwenye kopo hilohilo. Aidha, mwasho katika ngozi nyeusi huacha madoa, na madoa hayo humrudisha mtumiaji kwenye mkorogo uleule.

4. Athari za kisera

Viwango vya Afrika Mashariki, EAS 377, hutenganisha kemikali zilizokatazwa na zile zenye masharti. Ukaguzi unaosoma majina kwenye lebo huweza kunasa kundi la kwanza, ilhali la pili huhitaji kupimwa. Kwa kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, pande zote mbili za mto sasa zimo katika jumuiya moja. Inapendekezwa kwamba sampuli za losheni za mwili zipewe kipaumbele katika maabara, na lebo zitaje kiwango, eneo la kupaka na umri kwa Kinyarwanda na Kiswahili.

5. Hitimisho

Asidi ya salisiliki ni dawa inapopimwa na ni hatari inapokorogwa. Sera inayofaa ni ile inayodhibiti kipimo chake, si jina lake pekee.