Kutoka Chuo cha Mbinga Hadi Shahada

Je, mtu aliyeishia darasa la saba anaweza kufika chuo kikuu? Anaweza. Lakini njia ni ndefu, na mlango wake wa kwanza unawachanganya wengi.

Mlango huo ni Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975. Nchi yetu ilifuata mfano wa Sweden, na Sweden ilitusaidia. Kwetu sisi wa Mbamba Bay, kuna kimoja Mbinga. Katika vyuo hivi watu hujifunza useremala, uashi, ushonaji, kilimo na ufugaji.

Mama mmoja anayeanika dagaa hapa ufukweni alituuliza: "Mwalimu, binti yangu ana cheti cha ushonaji. Mbona chuo kikuu hawamtaki?" Ilituuma kumjibu. Cheti kile ni cha kazi, nacho ni kizuri. Binti anapata riziki. Lakini chuo kikuu huuliza kwanza matokeo ya kidato cha nne.

Basi ukifika chuoni usiulize ufundi tu. Uliza pia: "Masomo ya sekondari yapo?" Asiyesoma sekondari huanza na Mtihani wa Maarifa, ule watu wanaouita QT. Akifaulu, hufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Apate angalau D nne, na somo la dini halihesabiwi. Hapo anaweza kuomba astashahada, kisha stashahada. Akimaliza stashahada kwa wastani wa 3.0 au zaidi, anaweza kuomba shahada. Chuo Kikuu Huria, kilichoanza kufundisha mwaka 1994, kina kituo Songea. Huko unasoma huku unalima.

Tuhesabu pamoja. Sekondari miaka miwili. Astashahada na stashahada mitatu. Shahada mitatu. Jumla minane, tena kama hukufeli popote! Mtoto aliye mgongoni leo atakuwa darasa la tatu. Ni mingi, hatukatai. Ndiyo maana ufundi usiuache: cherehani ya yule binti ndiyo itakayomlipia ada ya mtihani.

Wenye watoto wachanga nao waulize. Vyuo kadhaa vya aina hii vina mahali pa kulelea watoto wakati mama yuko darasani.

Ukienda kuulizia, chukua cheti chako cha darasa la saba, daftari na kalamu. Ada na tarehe andika palepale, usizibebe kichwani.