Kutoka Bonde la Gikondo hadi Masoro

Azungumzaye leo juu ya viwanda vya Kigali hukimbilia kutaja magari ya Volkswagen, yaliyoanza kuunganishwa mjini humo mwaka 2018. Lakini tarikhi ya Mnyarwanda na kazi ya viwandani ilianza ugenini. Wabelgiji, walipoitawala Ruanda-Urundi, waliweka makao yao makuu Usumbura, na huko ndiko walikokusanya bandari, maghala na viwanda; Kigali, iliyoasisiwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, ikabaki kituo kidogo cha utawala na biashara. Basi kijana aliyetafuta ujira, au aliyelemewa na kodi na shokoa, alivuka mpaka kwenda mashamba ya Buganda, au aliandikwa na kampuni ya Union Minière, ambayo tangu miaka ya 1920 ilichukua vibarua wa Rwanda hadi migodi ya shaba ya Katanga. Huko alizoea king'ora, zamu na amri za msimamizi, na pamoja nayo lugha ya Kiswahili.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1962, Kigali ikawa mji mkuu, na viwanda vikaifuata serikali. Sulfo ikatengeneza sabuni. Bralirwa, iliyoasisiwa Gisenyi mwaka 1957 kwa bia, ikafungua kiwanda cha soda Kicukiro mwaka 1974. Utexrwa ikaja na nguo katika miaka ya 1980. Maghala na karakana nyingi zilishuka bonde la Gikondo, kwani katika mji wa vilima ardhi tambarare ni adimu. Ole wake bonde lile! Lilikuwa kinamasi, mahali ambapo maji ya vilima hupumzika na kusafika kabla ya kuelekea Nyabugogo na mto Nyabarongo. Likajazwa udongo na kujengwa, hata mvua kubwa zikawa zikiingia maghalani na kutoka na taka.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliangamiza watu kabla ya mitambo, na hakuna duka liuzalo mbadala wa fundi aliyeuawa. Viwanda vilivyofufuka vilifufuliwa na mikono mipya.

Baadaye serikali iliamua kuvihamisha viwanda kutoka Gikondo na kulirudishia bonde maji yake, ikatenga eneo maalumu la kiuchumi huko Masoro, wilaya ya Gasabo. Uamuzi huo nauona kuwa wa haki kwa mto na kwa vizazi vijavyo. Hata hivyo, aliyekuwa akishuka kilima kwa miguu kwenda kazini sasa hana budi kulipa nauli. Masoro ndiko kilikofunguliwa kiwanda cha C&H mwaka 2015 kushona nguo za kuuzwa ng'ambo; mwaka uliofuata ushuru wa mitumba ukapandishwa kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kuziondolea nguo za Rwanda msamaha wa ushuru. Mshonaji hakuulizwa katika mashauri hayo.

Wala hakukumbukwa katika jambo la ujira. Kima cha chini kilichowekwa mwaka 1980 kilikuwa faranga 100 kwa siku, na miongo minne baadaye kilikuwa hakijabadilishwa, ingawa sheria ya kazi ya mwaka 2018 ilimpa waziri madaraka ya kukipanga upya. Enyi wenye mamlaka, kipangeni kwa insafu, kwa kadiri ya bei ya unga na nauli ya Masoro.