Bafwasende: Magugu yamalizwe mbele ya mbegu kuingia udongoni

Katika eneo la Bafwasende, jimbo la Tshopo, uchovu wa udongo si sababu pekee inayomhamisha mkulima wa mpunga. Magugu nayo yanamfukuza. Baada ya kukata na kuchoma pori, msimu wa kwanza shamba ni safi. Misimu michache baadaye, majani yanashinda nguvu za mama na jembe lake. Familia inarudi msituni na shoka, katika eneo ambalo lina sehemu ya Mbuga ya Maiko, iliyoundwa mwaka 1970.

Njia nyingine ipo: kulima bila kuchoma wala kupindua udongo. Lakini ina sharti moja. Kwa kuwa jembe halifukii tena majani, lazima yamalizwe mbele ya kupanda.

Pamba inaonyesha sababu yake. Zao hilo Wakongomani wanalijua tangu mwaka 1917, Wabelgiji walipoanza kulilazimisha, hasa Uele na Maniema. Mche wa pamba hukua polepole wiki za kwanza. Majani yakiutangulia, yanaunyang'anya mwanga, maji na chakula, na palizi ya kuchelewa hairudishi hasara yote. Mpunga na karanga pia huumia hivyo.

Kazi inaanza wiki mbili au tatu mbele ya kupanda. Majani yanakatwa kwa panga yangali hayajatoa mbegu, kisha yanaachwa chini kama blanketi. Mvua ikichipusha mengine, yanakatwa tena yakiwa madogo. Halafu mbegu zinapandwa kwa mistari, kwa kutoboa tundu katika blanketi hilo.

Majani makali ya Imperata ni adui wa pekee. Mizizi yake inatambaa chini ya ardhi, hivyo panga peke yake haliyamalizi. Yanang'olewa na mizizi, ama yanafunikwa msimu mzima na mukuna, mmea wa jamii ya maharage unaotambaa na kurutubisha udongo.

Dawa za kuua majani zinapunguza kazi, lakini zina hatari. Parakwati, ambayo Umoja wa Ulaya uliikataza mwaka 2007, inaweza kuua mtu aliyemeza kidogo tu. Chupa yake isitiwe maji ya kunywa hata siku moja.

Anayesafisha mapema anapunguza palizi, na shamba la mwaka jana linaweza kumlisha tena mwaka huu.