Je, Wajua? Kabla hujalipia programu ya NMR

Je, wajua kwamba mashine ya NMR haikupi spektra? Inachokupa ni mlio. Sampuli hukaa ndani ya sumaku kali, hupigwa wimbi la redio, na viini vya atomi hujibu kwa mtetemo unaofifia ndani ya sekunde chache, kama kengele iliyogongwa mara moja. Faili la mtetemo huo huitwa FID. Vile vilele unavyovibandika kwenye tasnifu ni kazi ya programu.

Je, wajua kwamba zamani kazi hiyo ilisafirishwa kwa kadi? Richard Ernst na Weston Anderson wa kampuni ya Varian, California, ndio walioonyesha kwamba hesabu ya Fourier hugeuza mtetemo kuwa spektra. Data zilitobolewa kwenye kadi na kupelekwa kwenye kompyuta ya IBM nje ya maabara. Jarida moja liliyakataa makala yao mara mbili. Yakatoka kwingine mwaka 1966. Ernst alipopata Nobel ya Kemia mwaka 1991, habari ilimkuta angani, ndani ya ndege.

Je, wajua kwamba sufuri nazo zina kazi? Programu huzipachika mwishoni mwa FID hadi pointi zifike, tuseme, 65,536, kwa kuwa hesabu ya haraka ya Fourier hupenda namba zinazotokana na mbili kuzidishwa kwa mbili mara nyingi. Vilele hulainika. Ukizidisha, unapamba tu.

Je, wajua kwamba FID ya mashine za kisasa za Bruker huanza na pointi 70 hivi ambazo karibu hazina kitu? Ni alama ya kichujio cha kidijitali. Programu isiyolijua hilo hukutolea spektra iliyosokotwa kama kamba, nawe utashinda unanyoosha fezi bila mafanikio.

Je, wajua kwamba si lazima ulipe? TopSpin ya Bruker hutolewa bure kwa wanavyuo kwa kazi ya kuchakata data, na Delta ya JEOL nayo ni bure. MestReNova, iliyozaliwa Santiago de Compostela, Hispania, ni ya kulipia, lakini hufungua mafaili ya karibu kila mtengenezaji. NMRPipe ya mwaka 1995, kipenzi cha watu wa protini, haina vitufe vya kubofya: unaandika amri, data zinapita kama maji bombani kutoka kiprogramu kimoja hadi kingine. Wanaojua Python wana nmrglue. NMRium hufunguka ndani ya kivinjari.

Je, wajua kwamba mtengenezaji anaweza kufunga duka? Agilent iliinunua Varian mwaka 2010, na mwaka 2014 ikaachana na NMR kabisa. Mashine zilibaki zikinguruma. Programu yake, VnmrJ, iliokolewa kwa kuachiwa huru kwa jina la OpenVnmrJ.

Na hii ndiyo iliyonikosesha usingizi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Hawaii walikuwa wakikokotoa spektra ya kampaundi kwa skripti za Python zilizochapishwa mwaka 2014 na kutumiwa na wengi. Data zilezile, skripti zilezile: Windows 10 ikatoa 173.2, Ubuntu ikatoa 172.4. Kosa halikuwa la kemia. Skripti ilidhani kompyuta itayapanga mafaili kwa mfuatano fulani, kumbe kila mfumo una mpangilio wake, na namba za faili moja zikaoanishwa na za faili jingine. Dawa ilikuwa kuiambia skripti iyapange mafaili yenyewe. Mstari mmoja hivi! Ndiyo maana siiamini programu inayoficha ilichokifanya.

Je, wajua cha kudai ukituma sampuli nje ya nchi? Dai folda nzima ya data, yenye FID ndani. Mimi maabara fulani ilinitumia PDF peke yake. Vilele viwili vilikuwa vimekumbatiana, na nilipovuta picha nilichokuza ni wino.

Je, wajua kwamba hakuna programu inayofidia haraka ya mpimaji? Kama viini havikupewa muda wa kutulia kati ya pigo na pigo, eneo chini ya kilele hudanganya, hata mstari wa chini uwe umenyooka kama rula.

Kipimo changu cha programu mpya kinagharimu tone la ethili asetati ndani ya kloroformu yenye deuteri. Fungua FID, weka salio la kloroformu kwenye 7.26, kisha tazama 4.12, 2.05 na 1.26. Maeneo yawe 2:3:3. Cha kwanza kigawanyike mara nne, cha pili kibaki kimoja, cha mwisho kiwe mara tatu. Ikishindwa hapo, na muda wa majaribio haujaisha, ifute.