Baridi ya Lindo ni Adui wa Pili

Mwezi wa Juni uingiapo, wakazi wa Kauma mjini Lilongwe huamka wakiwa wamejitanda mablanketi, na wenzao wa makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, huota moto alfajiri. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1994, na wengi waliomo wametoka Kongo na Burundi. Aliyezoea joto la Uvira au Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, hulazimika kujifunza upya namna ya kuvaa. Lilongwe iko kwenye mwinuko wa meta 1,050 hivi, na usiku wa Julai joto lake mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 10.

Hata hivyo, hiyo ni baridi ya mtu mwenye nyumba. Baridi ya askari iko kaskazini ya Malawi, katika uwanda wa juu wa Nyika. Huko kuna hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1965, yenye eneo la zaidi ya kilometa za mraba 3,000, malisho ya korongo, pofu, tohe na mbawala. Kituo cha Chelinda, kilichomo humo, kiko kwenye mwinuko wa meta 2,300 hivi. Madhali joto hupungua kama nyuzi 6 na nusu kwa kila meta 1,000 za kupanda, Chelinda hupata baridi kuliko Lilongwe kwa takriban nyuzi 8. Katika miezi ya kipupwe majani hupambazuka meupe kwa umande ulioganda.

Palipo na wanyama wa namna hiyo, jangili hakosi. Amwindaye swala na amviziaye jangili hufuata mwendo mmoja: hutembea kutwa, kisha hulala kimya usiku kucha.

JASHO NDILO MSALITI

Askari asiyezoea milima huvaa kila alicho nacho tangu kambini. Apandapo kilima hutokwa na jasho, na afikapo kwenye lindo nguo zake zimelowa. Yafaa ikumbukwe kwamba maji hunyang'anya mwili joto upesi mara 25 hivi kuliko hewa. Fulana ya pamba iliyolowa huganda mwilini na kumpoza aliyeivaa. Sufu, hata ikilowa, bado huhifadhi joto kiasi.

Kwa hiyo, tembea ukiwa umevaa nguo nyepesi, hata kama utahisi baridi kidogo unapoondoka. Sweta, kofia ya sufu na soksi za akiba vifungwe ndani ya mfuko wa nailoni, mkobani. Ukifika, vua kilicholowa, vaa kikavu, kisha juu yake vaa koti la kuzuia upepo. Nguo nyembamba mbili au tatu hushinda moja nzito, kwani hewa iliyonaswa katikati yake ndiyo blanketi lenyewe. Buti lisibane, mguu uliobanwa haupati damu ya kutosha. Tandika majani makavu au turubai chini yako, maana ardhi nayo hunyonya joto.

Pombe haifai kabisa. Huleta damu kwenye ngozi, mtu akajiona amepata moto, kumbe joto linamtoka.

MTAZAME MWENZIO

Joto la mwili lenye afya ni nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, hatari imeingia. Mtu hutetemeka, husema kwa kukokoteza, vidole hukataa kufunga kifungo. Akiacha kutetemeka ilhali bado yu baridini, msidhani amepona, hali imezidi. Mwenyewe aghalabu hatambui, kwani akili nayo imepoa. Ndiyo maana askari wawili wawili yafaa waangaliane.

Mwondoeni penye upepo, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni kwa blanketi pamoja na mwenzake mmoja ili apate joto la mwili. Akiwa na fahamu timamu, mpeni chai ya moto yenye sukari. Msimsugue mikono wala miguu, na msimlazimishe kutembea. Mfikisheni kwa mganga haraka.

Mkuu wa doria naye ana wajibu wake. Akaguapo bunduki na risasi kabla ya kuondoka, na akague pia soksi kavu mkobani. Vidole vilivyokufa ganzi haviwezi kushika kifyatulio, na jangili aliyevaa vizuri atapita mbele ya macho yao.